Barafu ya Plamedie

Likasi, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Kwako Mama mudogo Émérence, muntu mukubwa wa Johannesburg,

Jambo sana. Kama barua hii inakukuta muzima, umushukuru Mungu. Kama inakukuta na mafua, ni juu ya baridi ya kwenu, usimusingizie Mungu. Sisi huku tuko. Mama Berthe anakusalimia. Magoti bado yanamusumbua, mudomo hapana, huo uko na afya kuliko sisi wote. Anauza tomson zake ku soko sawa zamani, na kila muteja anapewa samaki pamoja na habari zako: mudogo wangu iko dokta, anachungaka bongo za watoto. Kuna mwanamuke mumoja alimuuliza kama unachungaka na mbuzi pia. Hawasemezane tena.

Unajiuliza sababu gani naandika wakati simu iko. Simu ni ya Mama, na sauti yako ikifika anaiweka yote inje, kiwanja chote kinasikiliza, hata kuku. Haya ninayokuambia ni ya sisi wawili. Papa Jeancy wa kanisa letu, yule shofere wa camion ya shaba, anashuka mpaka kwenu, yeye ndiye posta yangu. Usicheke mwandiko. Niliachia masomo ku mwaka wa pili secondaire, lakini kati ya wote walioacha, minye nilikuwa wa kwanza.

Sasa fungua masikio. Minye ni baba.

Daniella alizaa Jumanne, mutoto mwanamuke. Jina lake Plamedie, maana yeye ni mpango muzuri wa Mungu. Uzuri amechukua kwangu, rangi kwa mama yake, na masikio tunatafuta bado mwenyewe. Lakini alikuja vibaya kidogo. Kitovu kilimuzunguka shingo. Hakulia. Alikuwa rangi ya majivu, mikono imeanguka huku na huku sawa nguo. Maman Jaël, muzalishaji, akamulalisha ku meza, akamufunika pua na mudomo na ule mupira wa kupuliza hewa, akapuliza, akapuliza. Courant ya umeme ilikuwa imeenda. Sikuwa na saa, ila mvua ilianza na ikaisha na yeye bado anapuliza. Kisha mutoto akavuta pumzi moja, sawa muntu anayejaribu chai ya moto. Kisha ingine.

Hapo ndipo nilikukumbuka weye. Unakumbuka matanga ya babu, ku Kapolowe? Tulikaa ku moto, ukatuambia kwamba mutoto akikosa hewa bongo haifi mara moja, inaendelea kufa polepole kisha, saa mingi, na ukiipatia baridi inapumzika, inapona. Wajomba walikuwa wanasinzia. Minye nilikuwa nasikiliza, weye ulifikiri naangalia nyama.

Bon. Nilitoka mbio. Ku barabara kuna mama anauzaka mayi ya sachet, ile ya plastiki, iliyoganda, nikachukua zote, nikazifunga ndani ya kitenge cha Daniella, nikazungusha ku kichwa cha mutoto sawa taji. Maman Jaël alikuwa anashindana na damu ya Daniella, akanipigia kelele kutoka kule. Nikamujibu: “Maman, hii ni sayansi ya familia yetu.” Mikono yake haikuwa na nafasi ya kunizuia. Sachet zikiyeyuka, naenda kuleta zingine. Nilifanya vile mpaka jua likalala. Mama mudogo, kazi ambayo wazungu wanafanya na mashine ya umeme, minye nimeifanya na kitenge.

Na angalia matunda. Mutoto iko. Hasumbui muntu, analala tu. Ngumi zake amezifunga siku yote, nimezaa boxeur. Ku carrière ya Kakontwe, kule tunapasua mawe ya chokaa, hawaniite tena Elie, wananiita Dokta.

Unijibu tu neno moja: nilifanya vizuri. Na utume ile dawa yenu, ile iliyoamsha panya, uliyosema ku matanga inatembea pamoja na baridi. Ya baridi nimekwisha kuifanya, inabaki yako.

Ni minye mwana wa Berthe, yaya yako mukubwa,
Dokta Elie wa Kakontwe, bila diplome


Johannesburg, 17 Aprili 2024

Elie mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya lori. Papa Jeancy alikaa kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa hadi unga wake wa safari ukaisha, lakini bahasha aliitunza ndani ya Biblia yake. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mlango wa maabara, koti la kazi bado mwilini, halafu nikaisoma tena nimekaa.

Mimi sijambo. Mafua yapo, ulikisia vizuri. Kwenye kanisa letu la Wakongomani wamenipa watoto niwafundishe kuimba, na hawaimbi, wananiuliza tu kama ni kweli nashika panya kwa mikono. Mwambie yaya Berthe asipande vilima na sinia la samaki, magoti hayana duka la vipuri.

Hongera, baba. Hongera kwa Daniella zaidi, yeye ndiye aliyefanya kazi. Damu imekoma? Ale majani ya sombe na maharagwe, na asibebe ndoo za maji hata kama atakuambia ana nguvu.

Niambie kuhusu Plamedie. Ananyonya, au maziwa yanamtoka mdomoni? Akilala, zile ngumi zinafunguka? Ukipita mbele yake, macho yanakufuata? Ni maswali ya mama mdogo mwenye wivu tu, sijamwona bado. Namtumia kofia mbili, nimezifuma mwenyewe, ndiyo maana moja ni kubwa. Mvalishe kila wakati. Mtoto wa umri huu anataka joto.

Kazi yetu inaendelea. Tunaandika ripoti. Habari ya barafu na ya dawa tutaiongea siku nyingine, karatasi ni fupi.

Nakukumbatia,
Mama mdogo Émérence


Likasi, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Mama mudogo mwenye karatasi fupi,

Salamu nyingi. Huku mvua imekatika, vumbi ya chokaa imerudi, tukitoka kazi tunafanana na wazungu wenzako. Mama Berthe iko. Kofia ndogo inamuenea Plamedie vizuri. Ile kubwa Mama amesema hakuna kutupa, anafunikia simu.

Nilikucheka kidogo. Uliandika karatasi ni fupi, nikageuza upande wa pili: nyeupe yote. Hapo ningeweza kuandika barafu, dawa, na jina la bwana ambaye unatuficha kule.

Haya, majibu yako. Mutoto hanyonye ku titi, hiyo ameikataa, anakunywa na kijiko sawa muntu wa cheo. Ingine inapita ku pua, ni vile anabagua. Macho yake hayafuate watu ovyo ovyo, anaangaliaka juu ku dirisha, ni mwenye kufikiri. Shingo iko na nguvu sana, ukimubeba anajikunja nyuma sawa upinde, mpaka unamushika na mikono miwili. Na anacheza! Analala, kisha mukono mumoja unaanza peke yake, tak tak tak, macho yanapinduka, mudomo unatafuna hewa. Daniella anaogopa. Namuambia ni rumba, imeko ndani ya damu.

Ngumi bado. Daniella akimuosha anamupakaa mawese ndani ya viganja, anamukunjua kidole kimoja kimoja, na anapofika ku cha mwisho kile cha kwanza kimekwisha kujifunga. Anafanya vile kila siku. Siku hizi haimbake tena akimuosha.

Ku kanisa kuna wamama wanaosemaka kwamba mutoto ni wa roho za mayi, kwamba hayuko wa kubaki na watu. Jumapili nilisimama ku ushuhuda. Nikawaambia wote kwamba mama yangu mudogo iko na dawa inayoamsha bongo, kwamba panya walikuwa wamelala sawa wafu na leo wanatembea, na dawa hiyo inakuja na camion ya Papa Jeancy. Walipiga makofi. Papa Jeancy mwenyewe ametoa soda zake zote ndani ya glacière ya camion, lile sanduku la baridi, ameiosha na sabuni, anasema dawa ya mutoto haiwezi kusafiri na harufu ya soda. Kwa hiyo usituaibishe. Glacière iko njiani, iko tupu.

Na ile nyingine hukujibu. Nilifanya vizuri, ao hapana? Ni neno moja tu. Weye unasemaka na panya siku yote, na muntu wako unamunyamazia.

Dokta Elie, anayengoja


Johannesburg, 7 Julai 2024

Elie,

Salamu kwa yaya, kwa Daniella, kwa mtoto. Hapa ni baridi, mabomba ya maji yanaganda asubuhi. Niko mzima.

Kwanza hili, na ulifanye kabla hujamaliza kusoma. Mkono unaocheza peke yake si rumba. Ni degedege, na ipo dawa yake, ya maji, inapatikana Lubumbashi. Nendeni kwa daktari wa watoto. Usiende peke yako, nenda na yaya, wewe utamwambia daktari kwamba kila kitu kiko sawa. Kijiko kiendelee, lakini mkalishe wima, kichwa mbele kidogo, msimnyweshe amelala hata kama analia kwa njaa. Mwambie Daniella asiache vile vidole. Anafanya sawasawa, hakuna aliyemfundisha na anafanya sawasawa.

Glacière ilifika. Papa Jeancy aliiweka juu ya meza ya mlinzi wetu akavua kofia. Nimeirudisha ikiwa tupu na sikuwa na uso wa kumwangalia, kwa hiyo nakuambia wewe.

Dawa haipo ya kutuma. Ipo kwenye friji hapa nyuma yangu, chupa nyingi, lakini si dawa. Nisikilize. Panya wangu ni wa ukoo mmoja, wanazaliwa wazima, mama zao wanakula chakula kimoja. Ni mimi mwenyewe ninayewafungia hewa. Najua dakika niliyoifunga, najua dakika niliyoifungua, na sindano iko tayari mkononi. Wanapona, ni kweli, sikudanganya. Halafu dawa ikatoka hapa ikaenda hospitalini, kwa watoto wa watu. Mmoja mama yake alikuwa na malaria. Mwingine alikaa siku mbili kwenye uchungu. Mwingine alifika mgongoni mwa pikipiki. Hakuna aliyejua dakika. Nusu yao walipewa dawa, nusu walipewa maji ya chumvi, na mwishoni tulipofungua majina kujua nani alipewa nini, hatukuona tofauti yoyote. Wale walioumia waliumia, kwa dawa au kwa maji.

Matokeo hayo niliyapata mwezi wa kwanza. Plamedie alikuwa bado tumboni. Nilipaswa kukuambia kwenye barua ya kwanza, na nikakutumia kofia.

Nisamehe. Muda unanikimbia, Papa Jeancy anapakia.

Mama mdogo


Likasi, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Mama mudogo Émérence,

Jambo. Mama yuko, magoti yake yapo, nyumba iko. Salamu imeisha.

Tulienda Lubumbashi. Dokta alikuwa kijana, sawa yangu, na alikuwa na upole, hiyo ndiyo ilinikasirisha. Alimugonga magoti na kidude cha mupira, akamukunjua mikono, akamupitishia taa ku macho. Kisha akatuambia bongo iliumia siku ya kuzaliwa, kwamba hakuna wa kuirudisha nyuma, kwamba labda hatatembea, labda hatasema. Alisema labda, lakini aliisema sawa watu wanavyosema amina. Dawa ya degedege alitupatia, na ni kweli mukono hauchezi tena. Sasa analala kimya, na hata ile rumba haiko.

Weye ulijua. Ulijua tangu ngumi. Minye niliandika boxeur, weye ukasoma kitu ingine, na ukaniachia niendelee kumusifu. Ukaniuliza maziwa, macho, vidole, moja moja, na minye mujinga nakujibu na furaha yote, sawa muntu anayeonyesha mwizi milango ya nyumba yake. Utani umenikauka. Nilijaribu kuuloweka, unakataa.

Daniella ameenda Kapolowe kwa mama yake, na mutoto. Hakugombana na minye. Alifunga vitu vyake, akaniuliza kofia ndogo iko wapi, nikamupatia. Ni vile tu.

Sasa kuna Barnabé. Tunapasua mawe pamoja ku Kakontwe, yeye ni muntu muzuri, hana kichwa. Bibi yake Orpa atazaa mwezi wa kumi. Juzi, tukiwa tunakula, ameniuliza sachet ngapi atayarishe. Nikafikiri anachekesha. Kumbe amekwisha kusemezana na yule mama wa ku barabara amugandishie. Na sio yeye peke yake. Kuna mwingine wa quartier yetu aliyefanya vile mwezi wa sita, mutoto wake alikuwa analia vizuri kabisa, haikuwa na sababu, akamuvalisha barafu juu ya kuzuia tu. Yule iko muzima, namushukuru Mungu. Ni minye nilieneza. Niliwaambia wote, na wanaona Plamedie hakufa siku ile, huo ndio ushuhuda wao. Ya Lubumbashi hawajui. Nikiulizwa, nasema anaendelea.

Barnabé anangoja jibu. Nimuambie nini?

Na minye pia, uniambie. Siku ile, na kitenge, nilimusaidia ao nilimuharibu? Usinitumie kofia.

Elie


Johannesburg, 22 Septemba 2024

Elie mwanangu,

Hii itakufikia baada ya simu niliyopiga Jumapili iliyopita. Najua simu ile iliyafungua mambo yetu mbele ya kiwanja chote, na kwamba ulichagua karatasi ili isiwe hivyo. Nilipoisoma barua yako nilihesabu njia: Kasumbalesa, foleni, Papa Jeancy, wewe, halafu Barnabé. Mtoto hangoji camion. Nikapiga. Kama umenikasirikia, kasirika, lakini Orpa ajifungue bila barafu.

Kwenye simu nilisema yale ya Orpa. Haya ni yako.

Baridi ni kweli. Katika hospitali zenye mashine ya pumzi, umeme usiokatika, na muuguzi anayemwangalia mtoto mmoja usiku na mchana, baridi inawasaidia baadhi ya watoto, si wote. Inashushwa kidogo tu, inapimwa ndani ya mwili bila kuacha, na joto linarudishwa polepole kama mtu anavyoshusha mzigo wa mayai. Hiyo ndiyo nusu niliyoisema kwenye matanga, kwenye moto, mbele ya wajomba, kwa sababu nilitaka waone kwamba binti yao hakupotea bure huko nje. Nusu nyingine ni kwamba waliijaribu katika nchi zingine, za watu kama sisi, katika hospitali kubwa kuliko maternité yenu, na haikuokoa. Waliopozwa walikufa zaidi kuliko wale waliotunzwa kwa joto. Mpaka leo tunabishana kwa nini. Niliijua nusu hiyo nilipokuwa nimekaa pale. Haikuwa tamu kusimulia, nikaiacha.

Umeuliza ulimsaidia au ulimharibu. Sijui. Kile kitovu peke yake kingetosha kumfanya alivyo. Barafu peke yake ingeweza kumuua siku ile, na hakufa. Kati ya hayo mawili hakuna mashine itakayoniambia, wala mimi, wala yule daktari mpole. Nimejaribu kuandika sentensi hii tangu Aprili. Kila mara nilitaka iishe na neno lingine. Nilinyamaza kwa sababu barafu ile ilitoka mdomoni mwangu, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa macho.

Hapa wameniuliza kama nitaendelea. Tunaanza tena, safari hii na panya wagonjwa, wa mama wagonjwa, na sindano inayochelewa makusudi. Wengi wanakufa. Nadhani ndivyo tulivyopaswa kuanza. Nikiwaangalia siwezi kusema kwamba nafanya hivi kwa ajili ya Plamedie. Hakuna kitu kwenye friji hii kitakachomfaa yeye, hata nikipata kesho.

Mshike kwa ajili yangu. Mkalishe wima.

Émérence


Likasi, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Mama mudogo,

Mvua imerudi. Mama Berthe anakusalimia na sauti ya chini, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Anataka kujua kama unakula.

Acha nikuambie ile simu ilivyofika huku, maana weye ulisikia kelele tu. Ilikuwa kisha culte ya kanisa, kiwanja kimejaa, watu wanakula bukari, Barnabé na Orpa nao walikuwa. Daniella alikuwa ameshuka kutoka Kapolowe na mutoto, juu ya dawa ya degedege iliyokuwa inaisha. Simu ikalia, Mama akaifunua kofia yake, akaweka sauti inje, sawa kila siku. Nilisikia ukisema: “Yaya, usiizime. Nataka wote wasikie.” Kuku tu ndio waliendelea.

Ukawaambia hakuna muntu tena kuweka barafu ku kichwa cha mutoto. Ukawaambia mutoto akikosa pumzi, ni hewa kwanza, kisha kifua cha mama, ngozi ku ngozi, na kitenge juu ya wote wawili. Ukasema uliyosema ku matanga ulisema nusu, na Elie aliamini nusu hiyo juu alikuamini weye. Barnabé alikuwa na paja la kuku mukononi, akaliweka chini ndani ya sahani, polepole, sawa muntu aliyevunja kitu. Hakuna aliyeniangalia. Nimekwisha kuangaliwa na watu vibaya, na polisi hata, lakini kukataa kuangaliwa nilikuwa sijui.  Nikainuka, nikawaachia sahani yangu.

Daniella alinifuata ku nyuma ya nyumba, kule tunawekaka makala. Plamedie alikuwa ku bega lake, amejikunja.

Akaniuliza: “Ni barafu?”

Nikamuambia: “Sijui.”

Alingoja niongeze kitu, ananijuaka. Sikuongeza. Akaniwekea mutoto ku mikono, akaenda kuosha sahani na wenzake. Jioni ile hakurudi Kapolowe. Sijui kama ni musamaha ao ni camion iliyokosekana, na sijauliza, juu najua kukaa kimya sasa kidogo. Tangu siku ile iko hapa. Anafanya vidole vya mukono wa kuume, minye nafanya vya kushoto. Vinajifunga tena, lakini kwa siku ingine vinachelewa kidogo. Hiyo sikuambii juu ya kujisifu. Nakuambia juu ni weye uliniuliza zile ngumi.

Kisha barua yako ikafika, na ndani nikakuta umeandika neno lile lile nililomuambia Daniella: sijui. Nililisoma mara mingi. Nilikuwa nangoja unipatie moja ya yale mawili. Nililala vibaya. Asubuhi nikaenda kazini, nikamuambia Barnabé ya Lubumbashi, yote, na alivyo Plamedie kweli. Aliniambia walikuwa wanajua. Carrière yote ilikuwa inajua. Walikuwa wananiachia niseme anaendelea, sawa weye.

Orpa amezaa wiki jana, muchana, ku maternité ile ile. Barnabé alikuja kuniita nisimame naye inje, anaogopa sana yule. Daniella akasema naye anaenda, tukaenda na Plamedie, minye nimemubeba wima, sawa ulivyosema. Hatukuwa na kitu ku mikono, kitenge tu. Tulisimama chini ya dirisha. Maman Jaël alikuwa anasemasema ndani, kisha akanyamaza, na Barnabé akanishika mukono akaubana.

Halafu mutoto akalia.

Mama mudogo, nakuambia ukweli, nilifikiri kuna muntu anaumizwa. Nilitaka kuingia. Ilikuwa na nguvu, na hasira, haikukatika, inavuta pumzi na inaanza tena, ku maternité nzima. Plamedie alishtuka ku kifua changu, mikono yake yote miwili ikatupwa juu. Barnabé anacheka na machozi, anapiga ukuta na kiganja. 

Nikamuuliza Daniella kama watoto wote wanaliaka vile wakizaliwa.

“Wote,” akasema.

Akachukua mutoto wetu ku mikono yangu, akamufunika kichwa na pembe ya kitenge, tukarudi nyumbani.

Elie, papa wa Plamedie